Kibuyu Kilichojaa

Ngano hii aliitoa kwanza Bi Mwanamvua binti Kheri, mama wa baba yetu, mwaka ambao mvua za vuli zilikosa kabisa. Aliitoa alasiri, shangazi yetu Siwatu akiwa amelazwa jamvini baada ya kuanguka juani shambani. Alimnywesha kwa kijiko, na kati ya kijiko na kijiko akasimulia. Naiandika kama alivyoitoa.

Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo!
Yafungueni!
Yako wazi!

Hapo kale, kale ya kale, palikuwa na Mama Punda na wanawe watatu. Kazi yao ilikuwa kubeba chumvi, kutoka ziwa lililokauka hadi gulioni. Njia yote ilikuwa uwanda mweupe. Hapakuwa na mti, hapakuwa na kichaka, hapakuwa na hata jiwe la kujibanza.

Kila punda alivaa kibuyu cha maji shingoni. Lakini ukoo ule ulikuwa na ada: kibuyu hakifunguliwi mpaka mzigo ushuke gulioni.

Mwana wa kwanza alisema, "Mama, nina kiu."

Mama akamwimbia:

Punda hanywi na mzigo mgongoni,
akinywa ameaibisha ukoo.

Mwana akaenda, akaanguka, akafa. Kibuyu chake kimejaa.

Kiangazi kilichofuata, mwana wa pili alisema, "Mama, kichwa kinanigonga."

Mama akamwimbia:

Punda hanywi na mzigo mgongoni,
akinywa ameaibisha ukoo.

Naye akaenda, akaanguka, akafa. Kibuyu chake kimejaa.

Akabaki Kitinda, mziwanda. Yeye hakulalamika. Jua lilipokuwa utosini alisema, "Mama, nitazame! Jasho limenikauka kabisa. Mimi dume!"

"Hongera, mwanangu," mama akasema. "Sasa umekomaa."

Hawakufika mbali. Kitinda akaanza kuyumba. Akamwita mama yake "shangazi". Kisha akaanguka na chumvi yake.

Fisi akatokea.

"Hodi, Mama Punda."

"Hapa hakuna mlango, Fisi."

"Najua. Nabisha kwa heshima tu. Nimekuja kukusaidia kungoja."

"Kungoja nini?"

Fisi akamtazama Kitinda, akalamba midomo. "Wale wawili nao uliniachia hapa hapa. Sikumbuki kama nilikushukuru."

Akaja Ngiri, mbio mbio. "Dada, mbona umesimama? Mnyweshe!"

"Ada yetu..."

"Ada hainyweki!" Ngiri akakata kamba ya kibuyu cha Kitinda kwa jino lake refu, akammiminia maji yote kinywani kwa mkupuo. Kitinda akapaliwa, akatapika yote. Ardhi ikayanywa. Ngiri akaondoka mkia juu.

Mama Punda akajilaza kando ya mwanawe. "Fisi, mchukue. Na mimi nichukue."

Akaja Kobe.

Fisi akacheka. "Mganga huyo! Kabla hajafika kichwani, mgonjwa tumeshamzika."

Kobe akampita, akasema, "Mama Punda, inuka."

"Niinuke nifanye nini?"

"Uwe mti."

Mama akainuka, akasimama kati ya jua na mwanawe. Kivuli chake kikamfunika. Kobe akazikata kamba za mzigo wa Kitinda, mzigo ukaporomoka.

"Sasa nipe kibuyu chako."

"Kobe, mzigo wangu bado uko mgongoni."

"Naona. Na mwanao yuko chini. Chagua."

Mama akamtazama mwanawe. Kisha akainamisha shingo, kibuyu kikafunguliwa.

Nusu ya maji Kobe alimlowesha nayo kichwa, masikio na kifua. "Mpepee kwa mkia," akasema. Nusu iliyobaki aliitia chembe ya chumvi ya mzigo ule ule, akamdondoshea Kitinda ulimini. Tone. Akangoja. Tone. Akangoja.

"Mpe yote!" mama akalia.

"Yote alishapewa na Ngiri."

Tone. Akangoja. Mara mbili mama alidhani pumzi imekatika. Tone. Akangoja. Jua likainama. Sikio moja likatikisika. Baadaye sana Kitinda akakojoa kidogo, na Kobe akasema, "Amerudi."

Kitinda akafumbua macho. "Mama, nina kiu."

Safari hii mama hakuimba.

Alikitazama kibuyu. Kilikuwa bado na maji. "Kobe," akasema, "wale wawili vibuyu vyao vilikuwa vimejaa."

Kobe akavuta kichwa ndani ya gamba lake. Fisi akageuka, akaenda zake.

Kitinda aliishi. Lakini kila walipopita pale, mama alisimama juani peke yake, akafanya kivuli ambacho hakikumfunika mtu.

Funzo lake ni hili: ada isiyojua kiu huzika watoto wa wenye ada. Na aliyeangushwa na jua hamiminiwi. Huwekwa kivulini, akapozwa, akanyweshwa kidogo kidogo.

Mzigo wangu nimeutua hapa. Mwenye kiu na anywe.

Bi Mwanamvua hayupo tena. Shangazi Siwatu aliinuka kwenye jamvi lile siku ya tatu, akaolewa, akazaa, naye ametangulia. Kati ya tuliosikiliza alasiri ile, tuko hai wawili: dada yangu Mashavu, na mimi.