Karatasi ya Milioni Kumi na Mbili

Wahenga hawakusema kwamba mwongo hana njia. Walisema anayo, na mara nyingi ni nyeupe na imefagiliwa kuliko ya msema kweli. Ubaya wake ni kwamba haifiki mbali. Anayeishika huanza safari kwa madaha, na kabla hajatoa jasho hujikuta ukingoni, hana pa kwenda mbele wala uso wa kurudi nyuma. Sihaba binti Msabaha aliijua methali hiyo tangu utotoni, lakini methali ya mdomoni haimzuii mtu kuteleza.

Sihaba alikuwa mpishi katika kantini moja huko Mbegani. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akidamka alfajiri kuwapikia watu uji na maharage, kisha jioni akarudi Bagamoyo mjini, katika chumba cha kupanga alichoishi na mama yake mzazi, Bi Zuwena. Hakuwa mtu wa makuu. Dhiki yake ilikuwa moja tu, nayo ni kuhamahama. Alikwishahama mara sita, na kila alipohama, Bi Zuwena, ambaye magoti yake yalikuwa yamechoka, alipakiwa kwenye bajaji pamoja na masufuria. Siku ya kuhama mara ya sita, kikongwe huyo alimwambia bintiye, "Mwanangu, nikifa wataniulizia mlango upi?" Aliyasema hayo kwa mzaha, lakini mzaha ule ulimkaa Sihaba rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Basi Sihaba akajifunga kibwebwe. Aliweka akiba katika kikundi cha akina mama, akauza vileja na visheti siku za mapumziko, na mwisho akauza kishamba alichoachiwa na marehemu baba yake. Zilipotimia milioni thelathini, alimtafuta dalali mmoja aitwaye Twalib, kijana mtanashati mwenye maneno laini kama samli, akamwomba amtafutie nyumba.

Twalib hakukawia. Alimpeleka Zinga, kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye bati jekundu, kisima uani na mlimau uliojaa ndimu, na chini yake vifaranga vya kuku vya jirani, aliyeugeuza ua ule kuwa wake. Sihaba alicheka alipouona mti ule. "Mlimau unazaa ndimu?" aliuliza. Twalib akamjibu kwamba wenyeji ndivyo wauitavyo, na kwamba mwenye mti ana haki ya kuuita apendavyo. Sihaba alisimama mlangoni akaona ndani mna kivuli, na moyo wake ukatulia kama maji ya mtungini.

Mwenye nyumba alikuwa Mzee Abdulwahab, muuza vitambaa wa mjini, mtu wa makamo aliyesifika kwa upole. Nyumba ile aliirithi kwa mama yake. Mirathi ilipogawanywa, yeye aliangukiwa na nyumba, na dada yake, Bi Raya, akapata shamba la minazi huko Pangani. Mzee Abdulwahab alitaka milioni thelathini na moja. Sihaba alikuwa na thelathini, na juu yake akiba ndogo ya gharama za kuandikishia.

"Hapo ndipo kazi yangu inapoanza," Twalib alisema, akawaketisha wote wawili dukani kwa mzee. "Sikilizeni. Nyumba ikihamishwa kutoka jina hili kwenda jina lile, serikali ina chake. Wewe mama, mnunuzi, unalipa ushuru wa stempu, asilimia moja ya bei. Wewe mzee, muuzaji, unalipa kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo inaangalia faida uliyopata. Kodi zote mbili zinatazama bei iliyoandikwa kwenye mkataba. Sasa tukiandika milioni kumi na mbili badala ya thelathini, mzee ataokoa pesa nzuri, naye atampunguzia mama ile milioni moja. Kumi na mbili zipitie benki. Zilizobaki mnapeana mkono kwa mkono."

"Na hilo si kosa?" Sihaba aliuliza.

"Mama, kila mtu anafanya hivyo."

Mzee Abdulwahab alikuwa akikunja kitambaa ambacho kilikwishakunjwa. Sihaba naye alijua jambo lile halikukaa sawa, lakini alimwaza Bi Zuwena na bajaji ya saba, akakubali. Siku ya pili mkataba ulichapwa kwenye kibanda cha steshenari, ukapigwa sahihi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na nakala moja ikabaki ofisini kwake. Milioni kumi na mbili zilipita benki. Milioni kumi na nane zilihama kutoka mkoba wa Sihaba kwenda mikononi mwa Mzee Abdulwahab, na shahidi alikuwa Twalib peke yake. Funguo alikabidhiwa siku hiyo hiyo. Kilichosalia ni Twalib kupeleka karatasi kwenye ofisi ya kodi na ya ardhi, ili jina libadilike kwenye hati.

Siku tisa zilizofuata zilikuwa za furaha. Kila alipotoka kazini, Sihaba alishukia Zinga akasugua sakafu, akapaka chokaa, akapima madirisha kwa ajili ya mapazia. Siku ya tisa, iliyokuwa Jumamosi, alimchukua Bi Zuwena akakione chumba chake. Kikongwe alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, akitoa hukumu juu ya rangi ya ukuta, ndipo mwanamke mmoja mnene, aliyejitanda buibui jeusi, aliposimama mlangoni akabisha hodi.

"Karibu," Sihaba alisema. "Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni Raya. Nyumba hii nimezaliwa humu."

Alisalimiana na Bi Zuwena kwa adabu, akakataa kiti. Macho yake yalikuwa mekundu. Alieleza kwamba alikuja kutoka Pangani kuzuru kaburi la mama yake, akapitia kwa mwenyekiti kumjulia hali, kwa kuwa walikua pamoja. Katika mazungumzo mwenyekiti akamwonyesha nakala ya mkataba, akidhani anazo habari.

"Kaka yangu alipotaka kuuza, alinipigia simu," Bi Raya alisema. "Aliniambia bei ni thelathini na moja. Nilimwambia sina. Nililia, nikamwachia auze. Leo nasoma kwamba amekuuzia wewe, mgeni wake, kwa kumi na mbili. Kumi na mbili ninazo mimi, nimeuza nazi miaka mingapi. Kwa nini anifanyie hivi ndugu yake?" Alifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Wewe hukukosea, bibi. Fedha zako nitakurudishia zote, kama zilivyoandikwa. Alasiri twende kwa kaka, tumalizane."

Mara moja Sihaba alimpigia simu Twalib, akamsimulia. Dalali akasema, "Mama, mimi ni dalali tu. Ninachokijua ni kile kilichoandikwa." Akakata simu. Sihaba alipopiga tena, haikupatikana.

Alasiri walikutana kwa Mzee Abdulwahab, katika sebule nyuma ya duka. Bi Raya aliyarudia maneno yake mbele ya kaka yake bila kupandisha sauti, na kutopandisha kwake sauti ndiko kulikouma. Mzee Abdulwahab aliinamisha kichwa akawa anatazama mkeka, kana kwamba anahesabu miraba yake.

Sihaba aliona hana budi kusema. "Bi Raya, mimi nilitoa thelathini. Kumi na mbili zilipita benki, kumi na nane nilimpa kaka yako mkononi."

Bi Raya alimgeukia taratibu. "Sahihi iliyo kwenye karatasi ni yako?"

"Ni yangu."

"Na karatasi inasema kumi na mbili. Sasa niambie, bibi, ulidanganya siku ile au unadanganya leo?"

Sihaba alivyokaa pale, aliona mambo yote kwa uwazi ambao hakuwahi kuuona dukani siku ile. Ushuru wake wa stempu ungekuwa laki tatu kwa bei ya kweli; kwa bei ya uongo ni laki moja na elfu ishirini. Kwa ajili ya tofauti hiyo, na ile milioni moja ya kupunguziwa, alikuwa ameweka rehani milioni kumi na nane, kishamba cha baba yake na miaka kumi na saba ya kuamka alfajiri. Hakuwa na stakabadhi. Shahidi wake pekee alikwisha kumkana. Alichokuwa nacho ni ulimi wa mtu mmoja aliyekaa mbele yake, na mtu huyo, akinyamaza tu, angepata milioni kumi na nane za bure na kumridhisha dada yake papo hapo.

Sebuleni palisikika mteja akiita dukani, akaita tena, akaenda zake. Sihaba hakumtazama mzee. Aliogopa akimtazama atamwona anapima.

"Raya," mzee alisema mwishowe, "huyu bibi anasema kweli. Nilipokea thelathini. Tuliandika kumi na mbili ili nikwepe kodi. Zilizobaki zimo ndani ya sanduku la marehemu mama, sijazigusa, kwa sababu kila nikilifungua naona haya." Akainua uso. "Wewe sikukudanganya. Nimeidanganya serikali, na uongo wenyewe umekujia wewe kabla haujafika kwake."

Bi Raya alimgeukia kaka yake. "Jana nilikaa kwenye basi nikidhani una roho nzuri," alisema. "Leo tangu asubuhi nimekuona mtu mwingine kabisa. Karatasi moja tu, Abdulwahab."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini karatasi ile ichanwe."

Haikuchanwa siku ile, maana Bi Raya mwenyewe, alipotulia, alisema karatasi ya sheria haichanwi kama kanga iliyochakaa. Jumatatu wote watatu walikwenda kwa wakili aitwaye Hafidha, mwanamke kijana mwenye ofisi ndogo karibu na soko. Alisoma mkataba, akauweka mezani, akauliza kama umekwishafikishwa kokote. Walipomwambia kwamba dalali hakuwahi kuupeleka, alishusha pumzi.

"Basi mmewahi," alisema. "Ungefika, mthamini angeitazama nyumba na kuitaja thamani yake, na mngeulizwa maswali msiyokuwa na majibu. Kudanganya kodi ni kosa lenye adhabu. Lakini mama, hata kama ungepita, wewe ndiye ungekuja kuumia."

"Kivipi?" Sihaba aliuliza.

"Chukulia miaka kumi ijayo unauza kwa thelathini na tano. Kwa kweli umepata faida ya milioni tano. Lakini karatasi yako inasema ulinunua kwa kumi na mbili, kwa hiyo utaonekana umepata ishirini na tatu. Kodi ambayo mzee aliikwepa ingekungoja wewe. Na hiyo ni kodi tu. Kuna wauzaji waliokufa kabla jina halijabadilishwa, warithi wao wakashika bei ya kwenye karatasi na kuzikana zilizotolewa mkononi."

Mzee Abdulwahab alikohoa. "Andika thelathini, wakili. Kodi yangu nitailipa mimi."

Sihaba alimkumbusha kwamba bei yake ya mwanzo ilikuwa thelathini na moja, na kwamba ile moja aliipunguza kwa ajili ya udanganyifu ambao sasa haupo. Yeye angeitafuta, hata kwa mwaka mzima. Mzee akatikisa kichwa.

"Thelathini ndiyo niliyopokea," alisema. "Kodi itanigharimu shilingi. Uongo ulikuwa unanigharimu dada."

Mkataba mpya uliandikwa, wa kwanza ukafutwa kwa maandishi, na Bi Raya akawa shahidi. Sihaba alitumia ile akiba yake ya gharama, na pungufu ya ushuru wa stempu akaifidia kwa vileja vya wiki tatu, ambavyo wenzake wa kantini walivinunua wakijua vinakwenda wapi. Kwa kila malipo alipewa namba ya kulipia, akalipa benki, akapata stakabadhi. Alishangaa kuona kwamba jambo lililomtia hofu kiasi kile, likifanywa kwa haki, ni la kupanga foleni na kusubiri tu. Twalib alijitokeza baada ya mwezi kudai udalali wake. Mzee Abdulwahab alimlipa haki yake yote, akamwambia asimletee tena mteja.

Hati yenye jina la Sihaba binti Msabaha ilitoka baada ya miezi kadhaa. Kabla ya kuhamia, walisoma dua, na Bi Raya akaja kutoka Pangani na kapu la nazi. Aliomba ruhusa aingie peke yake katika chumba alimofia mama yake. Alikaa humo kitambo. Alipotoka alimkuta Bi Zuwena ameketi kizingitini, akambusu mkono, akasema kwamba chumba kimepata mama mwingine. Wakala wali wa nazi pamoja, na Mzee Abdulwahab akaomba kuongezewa mara mbili.

Sihaba alipokuwa akiosha vyombo, Bi Raya alisimama naye akavipangusa. "Siku ile nilikukaripia," alisema.

"Uliniuliza swali la haki, dada. Mpaka leo silijui jibu lake."

Wakacheka wote wawili. Siku tisa tu uongo ule uliishi, na ndani ya siku tisa ulikaribia kumnyang'anya mmoja nyumba na mwingine ndugu. Ukweli uliofuata una mwaka sasa, na bado wamelala ndani yake kwa usingizi mwanana. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba njia ya mwongo ni fupi.