Chungu cha Supu ya Kagemulo

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale, maana leo sitafuti wa kunisikiliza tu, natafuta wa kuniamulia. Nimechoka. Wiki ya pili sasa nyumba yangu haina amani, na aliyeifukuza amani hiyo ni mdomo wangu mwenyewe.

Nyumbani kwangu, huku kando ya ziwa, wapo watu watatu na kila mmoja ana kipaji chake. Binti yangu Asimwe ana vidole. Mpe samaki mwenye miba kiasi chochote, atapapasa nyama yake huku amefumba macho na hatabakiza mwiba hata mmoja. Mkamwana wangu Leokadia ana pua na ulimi. Akifunua chungu akanusa mara moja, anajua kimepungukiwa nini. Mume wangu, Mzee Rwegoshora, ana uso. Msicheke. Siku ya kipaimara cha Asimwe niliunguza ndizi, naye akazila zote mbele ya wageni huku ametulia kama mtu anayekula nyama choma. Mpaka leo wageni wale hawajui.

Yupo na wa nne, Kagemulo, mtoto wa Leokadia, mwaka mmoja na miezi saba. Kipaji chake yeye ni kufunga mdomo.

Tangu aachishwe ziwa hakutaka uji, hakutaka ndizi za kuponda, hakutaka chochote kilichokuja na kijiko. Kliniki mstari wa uzito kwenye kadi yake ukashuka miezi miwili mfululizo. Nesi akasema apewe supu ya samaki, iwe nzito, kila siku. Leokadia akawa anambandikia kisufuria chake pembeni, sisi wakubwa tunapika supu yetu ya pilipili kwenye sufuria kubwa. Mtoto anatazama kijiko, anatazama bakuli zetu, anageuza shingo. Siku moja mama yake alilia mpaka akashindwa kula, nami kwa hasira nikasema, "Atakayemfanya mtoto huyu amalize bakuli, chungu cha mama mkwe ni chake."

Chungu hicho mama yake Rwegoshora alinikabidhi siku nilipoingia nyumba hii, naye alikabidhiwa na mama mkwe wake. Kimekula moshi wa miaka mingi na hakijapata ufa. Ni kimoja tu, na aliyekifinyanga hayupo duniani.

Kesho yake Kagemulo alichovya mkono kwenye bakuli la babu yake, akaulamba, pilipili ikamwasha, akapiga ukunga. Alipomaliza kulia akaunyoosha mkono tena kwenye bakuli lile lile. Hapo sote tukaelewa: mtoto hataki chakula cha peke yake, anataka tunachokunywa sisi. Basi iwe supu moja, chungu kimoja, wakubwa kwa wadogo.

Siku hiyo wavuvi walileta ningu tu. Mnaomjua ningu mnajua utamu wake, na mnajua miba yake inavyojificha ndani ya nyama. Nilisema tuache mpaka apatikane sato, ambaye miba yake ni michache. Asimwe akawasha moto. Aliwachemsha samaki kwa muda mfupi tu, akakaa chini, akaanza kuchambua, na jua lilimkuta hapo mpaka likamzunguka. Miba aliipanga kwenye jani la mgomba. Nilihesabu nikafika mia na kumi na nne, nikaacha.

Kisha akaingia Leokadia, nami nikamtolea chungu cha mama mkwe, ambacho hatujawahi kukitia pilipili. Ningu ana harufu, na sisi harufu hiyo huizima kwa pilipili, ambayo sasa haikuruhusiwa. Leokadia akakamua limau, akaweka kitunguu na nyanya, akatwanga karanga, akaponda ndizi mbichi zilizoiva motoni mpaka zikayeyuka ndani ya mchuzi. Chumvi alitia kwa ncha ya kidole. Alionja, akanusa, akaongeza karoti ya kusaga, akaonja tena. Nilipoonja mimi, kusema kweli, sikukumbuka kwamba ndani yake mna ningu.

Tukaketi mkekani, bakuli likawekwa mbele ya mtoto, naye akafunga mdomo. Akamtazama babu yake. Sasa huyu babu tangu anioe sijamwona akila kitu bila pilipili, hutembea nayo kwenye mfuko wa shati. Mtoto alikuwa akingoja aitoe. Rwegoshora aliitoa kweli, akaiweka dirishani, akanyanyua bakuli, akanywa. Akafumba macho. Akalamba midomo. Akaomba aongezewe. Kagemulo akafungua mdomo.

Alimaliza bakuli, akalikwangua kwa kijiko, akapewa la pili. Tulikunywa supu hiyo siku kumi mfululizo, na mtoto akaanza kujaa mashavu. Faraghani mume wangu aliniambia kwamba amekunywa maji ya kuogeshea watoto, na kwamba kila bakuli lilikuwa adhabu. Usoni hamkuonekana kitu.

Ndipo nikadaiwa ahadi.

Asimwe alisema, "Mama, bila vidole vyangu mngekuwa hospitali mnamtoa mtoto mwiba kooni. Supu tamu yenye mwiba ni ya nini?"

Leokadia akasema, kwa heshima lakini bila kuinamisha macho, "Miba ilitupwa, Mama, na uso haushibishi. Kilichoingia tumboni mwa mwanangu nilikipika mimi."

Mzee naye, ambaye nilidhani atanisaidia, akasema, "Supu ilikuwa tayari, haina mwiba, na mtoto amefunga mdomo. Aliufungua kwa ajili ya nani?"

Nikimpa Asimwe, mwezi wa kumi na mbili anaolewa Karagwe, na chungu cha nyumba hii kitaondoka na boksi lake la nguo. Nikimpa Leokadia, Asimwe anasema hiyo si zawadi, kwa kuwa mkamwana angekirithi tu hata kama angekaa bila kunyanyua mwiko. Nikimpa Rwegoshora, ameshatangaza kwamba atakachopika humo kwanza ni supu ya pilipili, na chungu cha udongo kikishanywa pilipili, mtoto hatakinywea tena. Nikivunja ahadi, nani ataamini neno langu ndani ya nyumba hii?

Nimewaambia wangoje. Wananingoja kweli, lakini kwa kisirani. Asimwe hachambui tena samaki. Leokadia anapika kwenye sufuria, na samaki akiletwa na miba yake anamrudisha. Pilipili imerudi mfukoni mwa shati. Chungu nimekifudikiza pembeni ya mafiga, na Kagemulo amefunga mdomo tangu Jumapili. Alhamisi ni siku ya kliniki.

Jana mchana alikwenda mpaka kwenye chungu, akakigonga kwa kijiko chake, akageuka kututazama. Akagonga tena. Asimwe alitazama vidole vyake, Leokadia akatazama moto, mzee akatazama dirishani. Nami sikuinuka, maana niliogopa kwamba nikikigusa tu wataniuliza nimempa nani. Mtoto aliendelea kugonga mpaka akachoka, akalala hapo hapo, shavu limegusa chungu kikavu.

Haya, mmeyasikia yote, sijaficha kitu. Yupo aliyetoa miba, yupo aliyepika, yupo aliyekunywa. Chungu ni kimoja, na Alhamisi haiko mbali. Je, wewe ungempa nani?