Siku Darasa la Kanga Lilipojibu Kinyume

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa na shule yao, palikuwa na Mwalimu Kanga. Alifundisha vifaranga wa kanga, wa kuku na wa kwale, kwenye uwanja mtupu mbele ya kichaka cha miiba. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa kinyume.

"Jibuni kwa mdomo, jibuni na kwa miguu!" alisema. "Juu!"

"Chini!" Vifaranga chwa! wakalala.

"Ketini!"

"Simameni!" Wima wote.

"Ingieni!"

"Tokeni!" Na kweli, mbio hadi katikati ya uwanja.

Kanga akatanua mbawa kwa furaha. Mwalimu gani mwingine ana darasa kama hili? Mmoja tu alimtia aibu, Tuli, mwana wa kwale. Huyo akiambiwa ingia, anaingia.

"Tuli! Kinyume!"

"Samahani, Mwalimu. Nilidhani unataka tuingie."

"Nani kakuambia udhani? Hapa tunajibu!"

Wenzake wakamcheka, kwe kwe kwe.

Basi siku moja wako uwanjani, kivuli kikapita mchangani. Kanga akatazama juu. Lahaula! Mwewe!

"Ingieni kichakani! Ingieni!"

"Tokeni!" wakaitikia kwa sauti moja. Wakakimbilia katikati ya uwanja, vifua mbele, wakingoja kusifiwa.

Kanga hakuamini macho yake. Watoto wa watu hao! Atawaambia nini mama zao?

"Ingieni, jamani, ingieni!"

"Tokeni! Tokeni!"

Kadiri alivyopiga kelele, ndivyo walivyozidi kwenda mbali. Mwewe akakunja mbawa. Vuuu! Anashuka.

Hapo akili ikamjia Kanga. Akapaza sauti, "Tokeni!"

"Ingieni!" Wakageuka, chwa chwa chwa, wote ndani ya miiba. Kanga akashusha pumzi.

Maskini, alimsahau Tuli. Tuli alikuwa ameshaingia kichakani tangu neno la kwanza. Akamsikia mwalimu wake anasema tokeni. Akatoka, peke yake.

Mwewe akamnasa, nyaku! Kanga akaruka, akamvamia Mwewe, akamdonoa jicho, manyoya yakatapakaa. Mwewe akaachia, akaenda zake. Tuli akaanguka chini, ubawa umevunjika, damu inamtoka. Akamtazama mwalimu.

"Mwalimu, si umesema tokeni?"

Kanga akamfunika Tuli kwa mbawa zake, akalia mbele ya darasa zima, na siku ile hakuna kifaranga aliyecheka.

Haya, wakubwa kwa wadogo, sikieni. Kukariri si kuelewa. Na wewe unayemfundisha mtoto kuitikia tu bila kufikiri, siku ya hatari utamwita na hatakuelewa. Hadithi yangu nimeifikisha hapo. Kama imewauma, vizuri, nami iliniuma.