Mahali Pasipouma

Mtu mmoja alikuwa na ugonjwa wa sukari na mke mkali. Mke ndiye aliyemchoma sindano ya insulini: leo tumbo, kesho paja, keshokutwa mkono. Shekalaghe, ndilo jina la mume, alilalamika kila mara kama kuku anayefungwa miguu. Mkewe hakumsikiliza. Shamba, alisema, halilimwi tuta moja.

Mke akafa. Matanga yakaanuliwa, watu wakakunja mikeka yao wakaenda zao. Mzee akabaki na chupa ya dawa na kimya cha nyumba. Akajichoma kando ya kitovu, pale ulipomgusa mkono wa marehemu mara ya mwisho. Kesho yake pale pale. Miezi ikaenda, pale pale, na sindano moja akiirudia mpaka ikawa butu. Kwanza ngozi iliwasha, ikawa nyekundu. Kisha paliota uvimbe kama kitumbua, na maumivu yakakoma kabisa. Akafurahi. Akasema Mungu amemhurumia mgane.

Kila jioni Nakijwa, mdogo wa marehemu, alipiga hodi na bakuli la makande. Mzee alimjibu kutoka ndani, komeo mlangoni: "Nimeshakula." Hakuwa amekula. Ila Nakijwa alikuwa na sauti ya dada yake, ile ile, na sauti hiyo ilimchoma.

Sukari ikapanda. Kiu haikukatika, nyayo zikawaka moto, macho yakaingia ukungu. Akaongeza dawa, wapi. Alipoona hata mlango wake anaupapasa, akashuka zahanati. Muuguzi akabonyeza ule uvimbe kwa vidole viwili, akamwuliza anapapendea nini hapa. Akajibu kwamba hapaumi.

"Hapaumi, babu," muuguzi akasema, "lakini hapapokei."

Akamkataza kupachoma tena mpaka panywee. Akampa sindano mpya, akamwonya asiirudie, akampunguzia na kipimo cha dawa, maana ngozi isiyo na uvimbe hupokea upesi, na kidogo huitosha.

Jioni ile akajichoma pajani. Pakauma. Bado ameshika paja, hodi ikapigwa, na sauti ile ya Nakijwa ikafuata. Lile neno "nimeshakula" likamjia lenyewe, lilikwishazoea njia. Akalimeza. Akaondoa komeo.

Alikula kizingitini, kichwa chini, machozi yakidondokea bakulini. Nakijwa akayaona.

"Shemeji," akasema, "hayo makande nimeshayatia chumvi."

Nawe unayejisifu kwamba siku hizi hakuna linalokuuma, hebu niambie: lipo linalokufikia?