Alama ya Jina la Mia

Hapo zamani, zamani za juzi tu kompyuta zilipoingia Tanga, ofisi moja ya mahujaji ilikuwa na majina mia mbili ya kupeleka kabla ya adhana ya adhuhuri. Sharti la mashine lilikuwa moja: yaingie yote, ama yatoke yote. Likikwama jina moja, hakuna aendaye Maka.

Mwanakheri alisoma pasipoti, Riziki akapiga chapa. Kila majina hamsini, mzee Mbwana alisema, "Simameni! Wekeni alama. Mashine hairekebishi jina moja moja; tukikosea turudi hapa, si mwanzo."

"Mzee na alama zake," Riziki akacheka, "utadhani anapanda mihogo!"

Hamsini, alama. Mia, alama. Mia na hamsini, alama. Jina la mia na sitini, la Bi Somoe, mashine ikagoma: namba hii ya pasipoti imeshatumika. Wapi? Haikusema.

Wakarudi alama ya mwisho, wakaandika upya. Ikagoma vilevile.

"Kosa liko nyuma ya alama," Mbwana akasema. "Tufute yote?"

Ilibaki saa moja. Majina mia mbili hayaandikiki kwa saa moja.

Mwanakheri akajiuliza: anyamaze? Mkuu wao, Shee Haidari, alikuwa amesimama mlangoni.

"Astaghfirullah," Mwanakheri akasema. "Ni mimi. Jina la mia na kumi na mbili. Nilishika pasipoti ya Bi Somoe nicheke picha yake. Nikawa namsengenya huku nasoma, nikampa mtu mwingine namba yake."

Wakarudi alama ya mia. Yaliyofuata yakafutika, mia ya mwanzo yakabaki. Riziki akapiga majina mia pasipo kumeza hata mate. La mwisho likaingia, muadhini akakohoa kwenye kipaza sauti.

Shee Haidari akasema, "Nje ya hao mia mbili, ofisi yetu ina nafasi moja ya hija, ni ya mmoja wenu."

"Bila alama zangu mngeanza moja," Mbwana akasema.

"Alama hazina vidole, babu!" Riziki akadakia. " Nani kapiga mia kwa saa moja?"

Mwanakheri, aliyeililia Maka tangu usichana, akasema kwa sauti ndogo, "Nisingesema, mngerudi alama ipi?"

"Ulimi huohuo ndio uliotuponza!" Riziki akamkata.

"Na wewe si ulicheka nilipomsengenya?"

Shee Haidari akawatazama watatu, kalamu mkononi. Nanyi mlionisikiliza, mngekuwa na kalamu ile, mngeandika jina la nani?