Gia Alizozificha Ntahondi

Mtu mmoja wa Kibondo alikuwa na gari lililomzidi umri. Baba yake alilinunua ng'ambo ya mpaka, Burundi, kule wanakopita upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo usukani wake ulikuwa kushoto. Mtu huyo aliitwa Ntahondi, mrina asali, na mkewe aliitwa Eliada. Gari lilikuwa na gia tatu na rivasi, basi, na kichwa cha gia kilikuwa cheupe, cha mfupa, kimechongwa namba juu yake, moja, mbili, tatu, na alama ya kurudi nyuma, hata mgeni akiingia leo angejua aanzie wapi.

Sasa mnajua wenyewe, hapa kwetu tunapita kushoto. Mwenye usukani wa kushoto akiwa nyuma ya lori haoni mbele, anaona tela na vumbi. Anayeona ni yule aliyekaa kulia kwake. Kwa hiyo Ntahondi akitaka kulipita lori alikuwa anauliza, kuna kitu? na Eliada anatoa shingo dirishani, anasema nenda, au anasema ngoja, na akisema nenda Ntahondi anakwenda. Miaka kumi na tisa walisafiri hivyo, ndoo za asali nyuma, mtoto wao Levina katikati yao mpaka akakua, akaolewa, akahamia kwa mumewe, na hawakugongwa hata siku moja. Wala hawakuliona kuwa ni jambo kubwa. Mtu anaweka roho yake kwenye neno moja la mwenzake, gari liko kasi, halafu anasahau hapohapo kwamba ameiweka.

Kilichoharibu ni mzaha. Siku moja kwenye mizani ya asali mnunuzi mmoja alimtania, akamuuliza mbele ya watu kama yeye ni dereva au ni kondakta, maana tumeona anayesema nenda ni mama, wewe unazungusha tu. Watu wakacheka. Ntahondi naye akacheka, lakini mzaha ule aliondoka nao, akalala nao, akaamka nao.

Kuanzia siku hiyo akaanza kumsikiliza mkewe vibaya. Akaona kwamba Eliada kabla ya kusema nenda hukaa kimya kidogo. Kwa nini anakaa kimya, anafikiri nini? Akaona kwamba akisema ngoja husema upesi, akisema nenda husema taratibu. Wiki iliyofuata Eliada alisema ngoja, wakangoja, wakangoja, halikuja gari lolote. Eliada akaeleza kwamba kulikuwa na mzee ameanguka na baiskeli yake ukingoni, ameshainuka, ameshapita. Ntahondi hakumwona mzee yeyote. Yaani mwanamke akitaka, aliwaza, neno moja tu, nenda, na lori linakuja, mimi ndiye niliye upande wa… lakini hapo mawazo yake yalikwama, kwa sababu aliye upande wa lori alikuwa Eliada. Mtu wa kawaida angeliona hilo akatulia. Yeye aliliona akapita.

Akaamua usukani uhamie kulia. Alimwendea fundi mmoja aitwaye Hamduni, fundi mzuri, wa kuchonga vyuma ambavyo havipatikani tena dukani. Usukani ulihama bila taabu kubwa. Taabu ilikuwa gia. Ule mkono wa gia ulitokea sakafuni karibu na kiti cha kushoto, tena umepinda kuelekea kwa dereva wa zamani, kama mtoto aliyezoea upande mmoja wa mama yake, na ukikaa kulia huufikii mpaka ulale juu ya abiria. Hamduni akapachika mkono mwingine karibu na kiti cha kulia, akauvika kile kichwa cha mfupa, akauunganisha na ule wa ndani kwa rodi inayopita juu ya pini katikati. Ikawa kama mbao ya watoto ya kupanda na kushuka, huku ukisukuma kule kunarudi. Gari likaenda, ila gia ziligeuka. Zamani ukivuta mkono kwako ulipata namba moja, na ukisukuma mbele ulipata rivasi. Sasa ukivuta unapata rivasi, na ukisukuma unapata namba moja.

Hamduni akamwambia, mzee, nipe siku mbili niongeze pini ya pili, zitarudi zilivyokuwa. Ntahondi, ambaye siku zote hizo alikaa kwenye kigoda akichunga mikono ya fundi asije akabadilishiwa vifaa, akatikisa kichwa. Halafu akasema aache hivyohivyo. Mwizi akiingia atavuta, atarudi nyuma, atajulikana. Akamtaka fundi asimwambie mtu. Hata wa nyumbani, fundi akauliza, na Ntahondi akasema hasa wa nyumbani. Halafu akachukua tupa, akakaa kivulini, akazisaga zile namba za kwenye mfupa moja baada ya nyingine mpaka kichwa cha gia kikawa laini kama yai.

Nataka mlione hilo yai vizuri, maana tunayo majumbani mwetu. Kitu kilichoandikwa ili yeyote asome, mtu anakaa na tupa yake anakifuta, halafu anasema nyumba yangu iko salama.

Eliada, ambaye tangu zamani alikuwa analisogeza gari pale uani, alipouliza gia zimekaaje siku hizi, Ntahondi akamwambia ni zilezile, unavuta kwanza. Alimdanganya akimtazama usoni. Na hakuishia hapo, kwa sababu anayeshuku hatosheki na kushuku, anataka apate. Siku hiyo Eliada alikuwa ameanika mahindi uani juu ya turubai, wingu likafunga, na gurudumu la mbele la gari lilikuwa limekanyaga pembe ya turubai. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari, mahali ambapo haukuwahi kutundikwa. Eliada akapanda alisogeze mbele kidogo aokoe mahindi. Akavuta, kama alivyoambiwa. Gari likarudi nyuma, likapasua mtungi wa asali uliokuwa umewekwa hatua tatu nyuma yake, na Ntahondi akatoka nyuma ya banda, hana haraka, amekunja mikono, akamwambia nilijua tu.

Mahindi yalilowa. Eliada alikusanya vigae akiwa na asali hadi kwenye viwiko, na siafu walikuwa wameshafika. Alimwuliza mumewe jambo moja tu, kwamba je, asingeligusa, angemsifu? Kesho yake, kwa kuwa sasa mkewe alishajua kwamba kuvuta ni kurudi nyuma, akamwambia amekwenda kwa fundi, zimebadilishwa tena. Hazikubadilishwa. Hata pini haikuguswa. Ufunguo akauvaa shingoni kwa kamba.

Wakaishi hivyo. Walikuwa wanakula pamoja, wanasali pamoja, hawagombani. Majirani waliwaona watu wa amani. Lakini Eliada naye alianza kujifunza, maana hakuna anayefundishwa kushuku jambo moja tu akayaacha mengine. Mumewe akisema kesho nakwenda Kakonko, alikuwa anaweka moyoni kwamba haendi Kakonko. Akisema chumvi imeisha, anakwenda kuiangalia. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anajikinga tu, kama mtu aliyeungua anavyoshika sufuria kwa kitambaa hata likiwa la baridi.

Na kule msituni ilikuwa hivyohivyo. Warina asali wanajua, mzinga hurinwa jioni nyuki wakishatulia, tena mnakwenda wawili, mmoja apande, mmoja ashike moshi chini. Miaka yote mshika moshi alikuwa Eliada. Sasa Ntahondi hakutaka mtu ajue mizinga yake mipya iko wapi. Akawa anakwenda peke yake, na anakwenda mchana, kwa sababu jioni njia ina watu wanaotazama.

Mchana mmoja alirudi anayumba. Nyuki walikuwa wamemshambulia juu ya mti, moshi ukiwa umezimika chini na hakuna wa kuupuliza. Uso ulikuwa umevimba hadi macho yamefumba, midomo imekuwa minene, na shingo, kamba ya ufunguo ilikuwa imezama ndani ya nyama. Alikuwa anavuta pumzi kwa sauti kama ya mlango mkavu. Eliada aliikata kamba kwa kisu cha jikoni. Kituo cha afya kilikuwa kilomita nane, na barabarani hapakuwa na chombo. Akamkokota mumewe akamweka kiti cha kushoto, kilekile alichoendeshea miaka kumi na tisa, yeye akaingia kulia, kwenye kiti chake cha kusema nenda, ambacho sasa kilikuwa na usukani.

Gari liliwaka. Mbele yake njia nyeupe. Nyuma yake, hatua sita au saba, ukingo wa korongo, maana Ntahondi aliegesha hivyo siku zote, pua barabarani, ili akiondoka aondoke upesi. Eliada akashika lile yai, na mkono wake ukakosa la kusoma.

Alimwuliza, wapi? Ntahondi hakuweza kusema, koo lilikuwa limefunga. Lakini alisikia. Akauinua mkono wake wa kulia, akaushika mkono wa mkewe juu ya gia, akausukuma mbele. Akausukuma tena. Mbele, mbele.

Sasa simameni hapo na huyu mwanamke, msipite upesi. Alimwambia vuta, akavuta, ukapasuka mtungi. Akamwambia zimebadilishwa. Zikiwa zimebadilishwa, basi sasa kuvuta ndiyo mbele na kusukuma ndiyo korongoni. Na huyu hapa, haoni, hasemi, anamsukuma mkono aelekee korongoni. Kama alipokuwa mzima alimtegea mtungi, leo amekuwa nani? Akautazama ule mkono. Ulikuwa umevimba, pete imezama kidoleni, ndiyo, lakini ulikuwa ni ule ule.

Eliada akautoa juu ya mkono wake, taratibu, akauweka juu ya paja la mwenyewe, akamwambia, "Baba Levina, mkono huu ndio ulionidanganya."

Akavuta.

Magurudumu ya nyuma yaliingia ukingoni na gari likakaa limetazama juu, injini imezimika. Alipiga yowe, majirani wakaja mbio, mmoja akapata pikipiki, wakamfunga Ntahondi kwa kanga mgongoni mwa dereva wasimdondoshe. Hakufika. Kabla ya daraja ile sauti ya mlango mkavu ilinyamaza, na dereva akajua kwa uzito.

Baada ya mazishi watu walikwenda kulitoa gari, na Hamduni alikuja na kamba na mabunda ya mbao. Eliada alisimama pembeni na kanga ya msiba. Mbao zikawekwa chini ya magurudumu, wanaume wakashika nyuma wasukume, Hamduni akaingia kulia, akawasha, akausukuma mkono mbele. Gari likapanda lenyewe kutoka korongoni, likatembea, likasimama katikati ya uwanja mahali yalipolowa mahindi.

Eliada alikwenda mpaka dirishani. Alimwuliza fundi gia hizo alizigeuza lini kwa mara ya mwisho, na fundi akasema mama, ni mara moja tu, ile ya kwanza. Basi akajua. Mkono wa marehemu ulikuwa umesema kweli, na kweli hiyo ilikuwa yake ya kwanza tangu mzaha wa mizani, nayo ilikuja imechelewa, haikumkuta mtu wa kuipokea. Hakulia hapo. Alimwomba Hamduni rangi nyeupe na brashi, akaandika mwenyewe kwenye kibao cha mbele, namba kubwa mbaya za mkono usiozoea, moja huku, mbili huku, tatu huku, rivasi huku, hata anayepita nje aweze kuzisoma kupitia kioo.

Wapo watakaosema kosa ni la mwanamke, angeamini, mtu anakufa hadanganyi. Na wapo watakaosema fundi angesema. Mimi sijui, na ndiyo maana nimewasimulia, kwa sababu sipati usingizi. Najua tu kwamba kusadikiana hakukusanywi siku ya nyuki. Kunawekwa kidogokidogo, kwenye chumvi, kwenye safari ya Kakonko, kwenye kuna kitu? na nenda. Jana nilimpeleka mwanangu wa miaka mitatu kuchomwa sindano, akaniuliza, mama, inaumiza? nikamwambia haiumi hata kidogo. Akaniamini, akatoa mkono. Tuliporudi alinitazama njia nzima.

Siku nitakapomwambia kimbia, na ni kweli, atajulia wapi?