Mbwa Aliyekataa Kuitika

"Ampigaye mbwa arudipo humfunza kupotea." Maneno hayo mmeyasikia leo asubuhi, mwenye duka akimkemea mkewe kwa kuchelewa kurudi, na mkewe akimjibu hivyo mbele za watu, mume akainamisha kichwa kama aliyemwagiwa maji. Mlicheka, kisha mkaja kuuliza mbwa ameingiaje katika ugomvi wa watu wawili. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Huko milima ya Taita, mahali mashamba yanapopakana na msitu, paliishi mzee aitwaye Mwandoe na mkewe Shali. Walikuwa na binti mmoja, Mghoi, fundi cherehani mjini Voi. Walikuwa pia na mbwa mweusi mwenye baka jeupe kifuani, na kwa ajili ya baka hilo wakamwita Doa.

Doa alikuwa mlinzi wa mahindi. Nyani wakichungulia tu kutoka msituni, yeye keshafika. Aliwafukuza kwa kelele mpaka wakapotelea mitini, na Mwandoe akajisifu kwa majirani kuwa hana haja ya kujenga kibanda cha kulindia shamba. Ila Doa alikuwa na kasoro yake. Akishaingia msituni, hunusa pimbi, na akinusa pimbi husahau kwao. Mwandoe humwita mpaka sauti imkauke. Mbwa anaporudi, ulimi nje na miiba manyoyani, mzee humkamata shingo na kumtandika fimbo.

"Ulikuwa wapi? Nikikuita, unakuja! Umesikia?"

Mwandoe hakuwa mtu katili. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba ndivyo mbwa anavyofunzwa, kwa kuwa hata yeye alifunzwa hivyo na baba yake.

Lakini mambo yakaanza kwenda kombo. Badala ya kufika mlangoni, Doa akawa anasimama uani. Akapigwa. Halafu akawa anaishia langoni. Akafuatwa huko huko, akapigwa. Mwishowe akawa anakomea migombani, analala kifudifudi, anatikisa ncha ya mkia na kulia kwa sauti nyembamba, lakini hasogei. Mwandoe akimkaribia hatua, naye hurudi nyuma hatua.

Mzee alichanganyikiwa. Mkia unasema nakupenda, miguu inasema sikutaki. Huyu ni mbwa gani? Akafikiri labda masikio yameziba. Lakini Shali akigusa tu kifuniko cha sufuria jikoni, Doa huyo, amefika, anakula ukoko mkononi mwa mama.

"Wewe umempa nini huyu mbwa?" Mwandoe alimuuliza mkewe.

"Ukoko."

"Ukoko tu?"

"Ukoko tu, baba Mghoi. Unataka nimpe nini zaidi?"

Majirani walimpa ushauri, kila mmoja wake. Mmoja akasema mbwa amerogwa, mwingine akasema apewe pilipili, mwingine akasema afungwe mnyororo. Mwandoe akamvizia jikoni akila ukoko, akamfunga mnyororo juani, na maji akamwekea asubuhi tu. Siku alipofunguliwa, Doa aliruka ua akaenda zake msituni, asionekane hata kwa sauti ya sufuria.

Siku hizo hizo Mghoi naye alikuwa haji. Zamani alikuja kila mwisho wa mwezi na kifurushi cha sukari na majani ya chai. Sasa ilikuwa simu, na simu yenyewe ni ya kumpigia mama. Mara ya mwisho alipokuja, wakati wa Pasaka, baba alimpokea uani kwa kusema, "Leo umekumbuka kwamba una kwenu? Nilidhani umeshatuzika." Chai ilikuwa haijachemka, binti akasema gari litamwacha.

"Watoto wa siku hizi," Mwandoe alimwambia mkewe. "Unawaita, hawaji. Sielewi."

Shali aliendelea kupepeta maharagwe yake.

Kisha ikaja habari mbaya. Upande wa pili wa mlima ng'ombe alikuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, akafa. Chifu akatangaza kwamba siku ya soko mbwa wote wapelekwe kwenye josho la ng'ombe wakadungwe chanjo na kuvishwa utepe shingoni. Baada ya wiki moja, mbwa atakayeonekana akizurura bila utepe atapigwa risasi.

Doa alikuwa amesharudi migombani, lakini hata jikoni haendi tena, amekonda, kupe wamemjaa masikioni. Mwandoe alimwita kwa upole, akamwita kwa ukali, akamrushia kamba, akamkosa. Siku ya soko alikwenda joshoni ameshika kamba isiyo na mbwa. Watu wakamcheka. Aliyekuwa akidunga sindano ni daktari wa mifugo, mama mmoja aitwaye Nyambu, na yeye hakucheka.

"Mzee, mbwa wako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, daktari, lakini haji nikimwita. Nadhani ana ugonjwa wa kichwa."

"Akija, humfanya nini?"

"Namchapa."

"Kwa kosa gani?"

"La kuchelewa. Kwenda na pimbi wake huko."

"Na fimbo inapomfikia, pimbi yupo?"

"Hapana. Pimbi amebaki msituni."

"Basi wakati huo mbwa anakuwa anafanya nini?"

Mwandoe akatazama kamba mkononi. "Anakuwa amekuja," alisema polepole.

"Basi hilo ndilo analojua. Kwamba kukujia wewe kunauma. Umemfunza vizuri sana, mzee, ila umemfunza usichokitaka."

"Sasa nimpe nyama kwa makosa yake?"

"Mpe kwa kuja kwake. Usimkimbilie, usimkazie macho. Chuchumaa, mgeuzie ubavu, sema jina lake mara moja, umtupie kipande. Akisogea, mpe tena. Mwekee maji kivulini, na akishakuamini mtoe kupe. Kabla wiki haijaisha nitakuwa kituo cha jirani. Mlete huko."

Mwandoe alirudi nyumbani kichwa kikimzunguka. Mbwa anakosa, halafu anakula maini? Hata hivyo alinunua maini njiani, akayakatakata, akaenda kuchuchumaa penye migomba, mzee mzima, huku akiomba asionwe na mtu. Mara ya kwanza Doa hakula mpaka mzee alipoondoka. Kesho yake alikula mzee akiwa pale pale. Halafu Mwandoe akainua mkono kujikuna kichwa, na Doa akaruka nyuma akilia kama aliyechomwa moto. Hakuguswa, lakini alilia. Mzee aliutazama mkono wake mwenyewe kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Siku ya kituo ilipokaribia, nyani walivamia. Doa aliwafuata msituni akapotelea huko, na kundi lingine likateremka nyuma yake likavunja mahindi ya upande wote wa chini. Mwandoe alisimama katikati ya mabua. Hapo ndipo Doa alipotokea ukingoni mwa msitu, akasimama, akamtazama. Fimbo ilikuwa karibu, imeegemea kisiki. Mzee aliiangalia fimbo, akaangalia mahindi, akaangalia mbwa. Kisha akachuchumaa.

"Doa."

Mbwa alikuja akitambaa, tumbo chini, mpaka pua yake baridi ikagusa kiganja. Mzee akampa maini yote yaliyobaki mfukoni, machozi yakimtoka, wala hakujua ni ya mahindi au ya mbwa.

Doa alidungwa chanjo na kuvishwa utepe, akarudi akimfuata mzee bila kamba.

Jumapili iliyofuata Mwandoe alikuwa uani akimtoa mbwa kupe, alipomwona mtu njiani. Alikuwa Mghoi. Alitembea polepole, na alipofika langoni akasimama, akashika mkoba kwa mikono miwili, asiingie wala asiondoke. Mwandoe alihisi maneno yakimjaa mdomoni, yale yale ya siku zote: leo umepotea njia? Mara akamwona jinsi alivyosimama. Akayameza maneno yake, na yalikuwa machungu kumeza.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Jua kali. Njoo ukae. Mama Mghoi! Tia chai, mtoto amekuja."

Mghoi alimwamkia kwa wasiwasi, akaketi ukingoni mwa kiti, akingoja. Chai ikaja, viazi vikaja, maneno aliyoyangoja hayakuja.

"Baba, huniulizi nilikuwa wapi?"

"Si umekuja?" akasema mzee, akamsogezea sahani.

Binti alimfuata mama yake jikoni. "Mama, baba anaumwa?"

Shali alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Akamsimulia yote, ya migomba na maini na mahindi, na mwisho akamwambia neno ambalo Mghoi alikwenda nalo Voi, akawaambia mafundi wenzake, nao wakawaambia waume na wazazi wao, mpaka likafika kwenye duka lile asubuhi ya leo:

"Ampigaye mbwa arudipo humfunza kupotea."